Majibu kwa Wasomaji: Deni la Mizani na Meza ya Bwana

Barua ya kwanza mwezi huu ni ndefu kuliko tulivyozoea kuchapisha, na jibu lake nalo limekuwa refu, kwa hiyo wasomaji wawili wanaofuata watanisamehe kwa kuwajibu kwa ufupi zaidi. Majina hayatajwi, na katika barua ya kwanza nimebadilisha mambo machache ili aliyeandika asitambulike.

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni baba wa watoto wanne, naishi Karagwe, mkoani Kagera. Kwa misimu mitatu nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Mkulima alipoleta gunia lake niliandika kilo moja au mbili pungufu, nikimwambia kahawa haijakauka vizuri, na ziada ile niliiuza kwa jina la mtu mwingine. Fedha hizo ndizo nilizoezekea nyumba yangu mabati. Mwaka 2014 niliokoka katika mkutano wa Injili, nikalia sana, na kazi ile nikaiacha. Lakini tangu siku hiyo sijapata utulivu. Kila mwinjilisti anapoita watu mbele, nakwenda. Nimekwisha kuongozwa sala ya toba mara tano au sita. Mvua ikinyesha usiku juu ya mabati yale, nakosa usingizi. Huu ni mwaka wa pili sijashiriki Meza ya Bwana, kwa kuwa naogopa kula hukumu yangu. Mke wangu hajui lolote. Naomba uniambie bila kunificha: je, niliokoka kweli? Na kama niliokoka, mbona sina uhakika?

Ndugu yangu katika Kristo, nimeisoma barua yako mara nyingi, na nimekuombea kabla ya kushika kalamu. Umeuliza maswali mawili ukidhani kuwa ni moja. Swali la kwanza ni kama Mungu amekusamehe. La pili ni kahawa ya watu itarudije kwa wenyewe. La kwanza ulimwuliza Mungu mwaka 2014, naye alikwisha kulijibu katika Neno lake kabla hujazaliwa. La pili hujamwuliza mtu yeyote, hata mke wako, na kwa kuwa la pili limefungiwa ndani, unarudi kila mwaka mbele ya mimbari kuuliza la kwanza.

Tuanze na lile lililokwisha kujibiwa. Mtume Yohana anaeleza kwa nini aliandika waraka wake wa kwanza: "Nimewaandikia ninyi mambo hayo, ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele, ninyi mnaoliamini jina la Mwana wa Mungu" (1 Yohana 5:13). Anataka wasomaji wake wajue, na wajue sasa, wakiwa bado wanalima, wanauza na kulea watoto. Ujuzi huo ameuweka juu ya jina la Mwana wa Mungu. Hakuuweka juu ya machozi ya mtu, wala juu ya nguvu ya sala aliyoongozwa. Wana wa Israeli walipoumwa na nyoka jangwani (Hesabu 21), Musa aliambiwa aweke nyoka wa shaba juu ya mti, na kila aliyeumwa akimtazama aishi. Hakuna aliyeambiwa alitazame jeraha lake ili ajue kama sumu imetoka. Bwana Yesu mwenyewe aliutumia mfano huo alipozungumza na Nikodemo (Yohana 3:14). Wewe, ndugu yangu, umekuwa ukilitazama jeraha kwa miaka yote hii, ukishangaa kwa nini halikupi amani. Halitakupa kamwe. "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu" (Warumi 8:1), na neno hilo halikuandikwa kwa watu ambao mizani yao ilikuwa safi tangu mwanzo.

Kuhusu kwenda mbele mara tano au sita, sina neno baya juu ya mikutano ya Injili, kwa maana wengi tumefikiwa humo. Lakini mtoto aliyekosa hazaliwi tena kila anapoomba radhi kwa baba yake. Anasamehewa akiwa mtoto, ndani ya nyumba ileile. Daudi alianguka katika uzinzi na kuua, na katika Zaburi ya 51 aliomba, "Unirudishie furaha ya wokovu wako." Angalia alichokuwa amepoteza: furaha. Aliyemkosea alikuwa bado Mungu wake, ndiyo maana aliweza kumwendea. Hofu yako ya dhambi, uzito unaokuamsha mvua inaponyesha, mimi siusomi kama dalili ya mtu aliyeachwa na Mungu. Mtu aliyeachwa hulala usingizi mzito chini ya mabati ya wizi.

Hata hivyo, nikikomea hapo nitakuwa nimekupa usingizi usio wako. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana," yasema Mithali 11:1, na chukizo hilo halikuondoka kwa sababu karani ameacha kazi. Zile kilo moja moja zilikuwa karo ya mtoto wa mtu, zilikuwa dawa ya mama wa mtu. Mungu amekusamehe wewe. Wakulima wale bado hawajalipwa. Haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na kwa kuwa hukufundishwa kuyatenganisha, deni ulilo nalo kwa watu umelisikia moyoni kana kwamba ni hukumu kutoka kwa Mungu.

Msome Zakayo polepole (Luka 19). Alikuwa juu ya mkuyu, hajarudisha hata senti moja, wala hajaahidi kitu, na Bwana alimwita kwa jina akisema kwamba leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Aliingia katika nyumba ambayo bila shaka ilikuwa imejengwa kwa fedha ya dhuluma, akaketi humo. Ndipo Zakayo akasimama, akasema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Laiti ungaliusikia mfuatano huo ukihubiriwa siku ile uliyookoka! Angaligeuza mtu mfuatano huo na kumtaka Zakayo alipe kwanza ndipo aingiliwe nyumbani, Zakayo angalibaki juu ya mti hadi kufa. Na angaliukata katikati, akapokelewa Bwana nyumbani na fedha ikabaki sandukuni, wakazi wa Yeriko wangalikuwa na haki ya kuuliza ni wokovu gani huo.

Kwa kuwa unaishi Kagera, nakukumbusha jambo ambalo huenda wazee wa kwenu waliliona kwa macho. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa toba na imani uliopita katika makanisa yetu, ulianzia ng'ambo ya mto, Gahini, mashariki ya Rwanda, katika kituo cha misheni ya Kianglikana ambako Dakta Joe Church alikuwa akitibu wagonjwa. Mwaka 1929 alikutana mjini Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na njaa ileile ya utakatifu, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha Gahini na kuwaita watu waamke hadi alipofariki Januari 1936, akiwa bado kijana. Kabla miaka ya 1930 haijaisha, moto huo ulikuwa umevuka hadi Buhaya, huko kwenu Kagera, na mwaka 1937 ulikuwa umefika Kabete nchini Kenya. Watu hukumbuka nyimbo na machozi. Majirani ambao hawakuamini walishangazwa zaidi na vitu vilivyorudi: fedha za mwajiri, vifaa vilivyochukuliwa kazini, mifugo iliyopatikana kwa hila. Mtu alibisha hodi mlangoni akiwa ameshika kitu mkononi, na mwenye kitu hakuwa hata na habari kwamba aliibiwa.

Ndugu hao waliishi kwa 1 Yohana 1:7, wakaita maisha hayo kutembea nuruni: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Ukiusoma mstari huo kwa makini utaona kwamba wanaosafishwa ndio haohao walio nuruni. Nuru haikuwekwa kwa ajili ya watu waliokwisha kutakata. Aliye nuruni ni mtu anayeonekana alivyo, na anapoonekana ndipo anaposafishwa, tena na tena. Wewe umeokoka, lakini pembe moja ya nyumba yako umeiacha gizani, na katika pembe hiyo huwezi kuwa na ushirika na mtu, hata na mwenzako wa kitanda kimoja.

Nitasema pia, kwa heshima yote kwa wazee hao, kwamba si kila jambo walilofanya linafaa kuigwa. Baadhi ya maungamo ya hadharani yaliumiza watu ambao hawakuwa na hatia, na mengine yalisimuliwa kwa kirefu kuliko ilivyojenga. Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba ungamo liende mbali kadiri kosa lilivyokwenda. Kosa lako lilikwenda kwa wakulima na kwa chama. Halikwenda kwa kwaya, wala kwa watoto wa Shule ya Jumapili, kwa hiyo sikushauri uanze kwa kusimama kanisani Jumapili na kipaza sauti.

Anza na mke wako, wiki hii. Atakasirika, na ana haki, kwa maana amelala chini ya mabati hayo pasipo kujua bei yake. Kisha uende kwa mzee mmoja wa kanisa anayejua kutunza neno, umweleze yote, naye akusindikize, kwa sababu mtu aliye peke yake hurudi nyuma mlango wa kwanza ukifungwa kwa nguvu. Andikeni pamoja majina yote unayoyakumbuka. Torati iliagiza mkosaji arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7), na ingawa hatuhesabiwi haki kwa hesabu hiyo, naiona kuwa kipimo chema kwako, kwa sababu fedha ya misimu ile haina thamani ileile leo. Aliyefariki ana warithi. Aliyehama ana jamaa. Pale ambapo hapana mtu wa kupokea, sura hiyohiyo inaelekeza malipo yatolewe kwa Bwana, nami naelewa kwamba leo hilo lingewafikia maskini wa kijiji hicho. Huna fedha ya kulipa wote kwa mara moja. Sema hivyo waziwazi, lipa kidogo kidogo kila msimu, na usiongeze ahadi usizoweza kuzitimiza. Mabati usiyang'oe. Watoto wako hawana kosa, na paa lililoanikwa uani halimlipi mkulima.

Viongozi wa chama nao itabidi waelezwe, kwa kuwa vitabu vyao viliandikwa uongo kwa mkono wako. Siwezi kukuahidi kwamba watakupokea kwa upole. Wanaweza kulipeleka jambo hili mbele ya sheria, na kabla ya kwenda kwao ni vyema wewe na mzee wako mpate ushauri wa mtu anayeijua sheria. Nimewahi kumsindikiza mtu katika safari kama hiyo, na ninakumbuka jinsi magoti yake yalivyotetemeka mlangoni. Mwenye nyumba alinyamaza muda mrefu, akaenda ndani, akarudi na kigoda.

Sasa Meza ya Bwana. Unaogopa 1 Wakorintho 11, na ni vyema mtu kuiogopa, lakini umeisoma nusu. Paulo anasema, "Lakini mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe." Kujihoji kwenyewe kunaishia mezani. Bwana naye, katika Mathayo 5:23-24, alimwambia mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kupatana na ndugu yake, "kisha urudi uitoe sadaka yako." Wewe uliondoka madhabahuni miaka miwili iliyopita, ukafanya vyema kuondoka, lakini kwa ndugu yako hukufika. Umekwama njiani kati ya madhabahu na nyumba ya mkulima. Nenda kwenye nyumba ya kwanza, kisha urudi ushiriki. Usingoje hadi senti ya mwisho ilipwe, maana ukingoja hivyo utaigeuza Meza kuwa ujira wa kazi uliyoifanya, na mkate ule haujawahi kuwa ujira wa mtu.

Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mama wa Mbeya, nimelelewa katika Kanisa la Moravian, na mume wangu ni Mkatoliki. Nikisema "nimeokoka" hukasirika, asema hayo ni majivuno, kwa kuwa hakuna anayejua hatima yake kabla ya siku ya hukumu. Nimjibu nini?

Marahaba, mama. Kabla ya kumjibu, mheshimu kwa hilo analoliogopa, kwa kuwa limeandikwa na watu makini. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika kikao chake cha Januari 1547, ulifundisha kwamba mtu hawezi kujua kwa hakika ya imani isiyoweza kukosea kwamba amepata neema ya Mungu. Ulisema pia kwamba haifai mtu mcha Mungu kuwa na shaka juu ya rehema ya Mungu na thamani ya kazi ya Kristo. Kwa hiyo mume wako hakatai rehema. Anachoogopa ni mtu anayejiamini nafsi yake. Hilo mimi na wewe tuliogope pamoja naye.

Kiswahili chetu kinaweza kuwasaidia hapo sebuleni kwenu. Mtu akisema "nimeokoka", msikilizaji anasikia jambo lililotokea, kama mtu aliyenusurika ajali, na hasikii ni nani aliyelitenda. Akisema "nimeokolewa", swali linalofuata ni "na nani?", na jibu lake haliachi nafasi ya majivuno. Biblia yetu katika Waefeso 2:8 inasema "mmeokolewa kwa neema", katika 1 Wakorintho 1:18 inasema "sisi tunaookolewa", na katika Warumi 5 inasema kwamba tutaokolewa. Wewe umeishika -me- kwa mikono miwili, na mume wako ameishika -ta-. Mtume alizitumia zote tatu, na ile ya katikati, -na-, ndiyo ambayo ninyi wawili mnaiishi kila siku katika ndoa yenu.

Na kwa kuwa wewe ni Mmoravian, utafurahi kujua sehemu ya kanisa lako katika habari hii. Kabla ya wamisionari wa Kimoravian kufika Rungwe mwaka 1891, wenzao wa karne iliyotangulia walikuwa wamemsaidia kasisi mmoja wa Kianglikana huko London aliyekuwa akifunga, akiomba na kuwahudumia wafungwa bila kupata amani. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano wa Aldersgate Street, John Wesley alimsikiliza mtu akisoma maneno ya Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa Kijerumani, juu ya Waraka kwa Warumi, akaandika katika shajara yake kwamba moyo wake ulipata joto la ajabu, na kwamba alipewa hakika kuwa Kristo ameziondoa dhambi zake. Wengi huishia hapo wanapoisimulia. Mimi hupenda kuendelea hadi Januari 1739, ambapo Wesley yuleyule aliandika kwamba yeye si Mkristo, kwa kuwa hakuiona ndani yake furaha na upendo aliotazamia kuuona. Joto la moyo lilikuwa limeshuka. Kristo hakuwa ameshuka, na Wesley alihubiri zaidi ya miaka 50 baada ya hapo. Ndugu yangu wa Karagwe naye asome aya hii.

Mwambie mume wako, kwa upole, kwamba unaposema neno hilo unamtaja mwingine. Kisha maisha yako nyumbani yamsaidie kuliamini.

Mchungaji, mimi ni mwanafunzi wa chuo huko Eldoret. Ushirika wetu unafundisha kwamba utakatifu ni kutosuka nywele, kutovaa hereni wala suruali. Nimetii yote kwa mwaka mzima, lakini sioni kama nimebadilika. Mwenzangu wa chumbani tunagombana hata kwa ndoo ya maji. Nitajuaje kama nakua?

Binti yangu, sitakuambia uasi ushirika wako, na ikiwa umevaa hivyo kwa ajili ya Bwana, endelea kwa amani. Lakini umekwisha kuligundua mwenyewe lile ambalo Paulo aliwaandikia Wakolosai (2:20-23), kwamba amri za "msishike, msionje, msiguse" zina sura ya hekima, ila hazina nguvu ya kuzuia tamaa za mwili. Hereni hutoka dakika moja. Hasira haitoki hivyo.

Tunda la Roho katika Wagalatia 5:22-23 ni "upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi", na mengi kati ya hayo hayawezi kuonekana kwa mtu anayeishi peke yake. Uvumilivu unahitaji mtu wa kuvumiliwa. Ndiyo maana nadhani chumba chako ni mahali pazuri zaidi pa kujipima kuliko kioo chako. Usijiulize wewe kama umekua. Baada ya miezi michache mwulize yeye, na ulipokee jibu lake bila kujitetea. Wala usidhani kwamba kazi hii umeachiwa peke yako, kwa maana "ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu" (Wafilipi 2:13). Huko kuchukizwa na ugomvi wenu, hata ukaandika barua, ni kutaka ambako tayari amekuweka ndani yako.

Leo jioni mwombe radhi kwa maneno machache, bila kumkumbusha makosa yake, kisha uchukue ndoo yake kabla ya yako, ukamtekee maji.